Tone la Bluu Katika Nyeupe

Jumapili, 6 Oktoba

Daftari hili nililinunua kwa ajili ya vipimo vya rangi, kwa sababu mwaka jana nilisahau nilichanganyaje ngozi ya Mfalme wa tatu nikahangaika wiki nzima. Lakini leo Padri Deogratias ametangaza kanisani kwamba mchwa wamemaliza sanamu zote za pango la Noeli, hata ng'ombe hawakusazwa, na kwamba Mama Edson na shemeji yake Alois watatengeneza nyingine kabla ya mkesha. Watu wote wakageuka kuniangalia. Basi nitaandika na mengine, si vipimo tu. Mwanamke wa miaka sitini na moja akitwishwa kazi ya namna hii ana haki ya kuwa na mahali pa kulalamikia.

Sanamu zenyewe ni ndogo, iliyo ndefu kuliko zote haizidi kiganja changu. Alois anazichonga uani kwake kwa vipande vya msonobari, nami nazipaka rangi hapa kwangu Ushirombo, kwenye baraza ya nyuma. Scolastika ananisaidia. Anapiga msasa, anaosha brashi, anapaka mkono wa kwanza wa rangi. Ni mjane wa miaka thelathini na minane, kwao Kishapu. Mumewe alifukiwa na kifusi kwenye shimo la dhahabu Mwakitolyo. Huu ni mwaka wake wa tatu kwangu. Ni mpole mno, mpaka wakati mwingine upole wake unaniudhi.

Jumatano, 9 Oktoba

Leo niandike habari za nyeupe, maana nikifa leo hakuna anayezijua.

Watu hudhani nyeupe ndiyo rangi rahisi. Nyeupe ndiyo inayoumbua. Chokaa inabanduka kabla ya Epifania. Rangi ya maji ya ukutani ni nzito. Ukiipaka kwenye uso wa Bikira Maria, ambao ukubwa wake ni punje ya hindi, pua inazama. Rangi ya mafuta inang'aa vizuri, lakini baada ya miaka mitano inageuka manjano, na nimeshaona malaika wangu wakiwa na rangi ya meno ya mvuta sigara. Inayofaa ni hii ya tyubu ninayoagiza Mwanza kupitia dukani kwa Jilala. Ubaya wake ni kwamba haifuniki upesi. Inataka subira.

Kwa hiyo huanzi na nyeupe. Unaanza na rangi ya majivu, unaacha ikauke kabisa. Halafu nyeupe iliyotiwa maji hadi iwe nyepesi, mkono mmoja, unasubiri, mkono wa pili, unasubiri, ukiyaacha majivu yaonekane kwenye mikunjo ya nguo. Nyeupe yenyewe, nzito, inakuja mwisho, nayo ni kwenye ncha tu: begani, kwenye paji la uso, mgongoni mwa kondoo. Nyeupe ina brashi yake na kikombe chake cha maji. Brashi hiyo haiguswi na rangi nyingine hata kama anayeishika ni Padri.

Na mwisho kabisa lipo lile ambalo kila mama anayefua sare za shule analijua. Nyeupe tupu ina umanjano ndani yake; ukitia bluu kidogo umanjano unakufa. Kipimo changu tangu zamani: kifuniko kimoja cha nyeupe, tone moja la bluu, kwa ncha ya kijiti.

Jumamosi, 12 Oktoba

Sembe imekuwa ya manjano. Nimemwambia Zipora wa mashineni, akaapa mahindi ni yaleyale. Watu hawana aibu.

Alhamisi, 17 Oktoba

Mvua ya kwanza. Vumbi limekaa chini, ashukuriwe Mungu, kwa sababu vumbi likishika kwenye rangi mbichi kondoo anakuwa na upele. Lakini sasa hakuna kinachokauka. Yusufu amekaa juani tangu asubuhi na kanzu yake bado inanata.

Jumatano, 23 Oktoba

Nimeanza shela ya Bikira. Tone moja halikutosha, nikaongeza la pili. Nadhani tyubu za siku hizi zinachakachuliwa.

Masista wawili walipita kusalimia. Mmoja akaomba kuona kondoo wa mwaka jana niliobaki nao. Akamgeuza mmoja kwenye mwanga, akasema, "Mama Edson, sijui unafanyaje. Mweupe hata macho yanapumzika." Scolastika alikuwa anaosha brashi, hakuinua uso. Mimi nilijifanya sikusikia ili aseme tena, na akasema tena.

Jumatatu, 28 Oktoba

Mvua. Nimefua mashuka mara mbili na bado hayajatakata. Sabuni nayo imeharibika.

Jumamosi, 2 Novemba

Siku ya Marehemu Wote. Baada ya misa akina mama waliofiwa na watoto walibaki kuandikisha majina.

Hii ni desturi ya parokia yetu na sijaisikia penginepo. Kila mtoto aliyefariki tangu Noeli iliyopita anachongewa mwanakondoo mdogo kama kidole gumba, mweupe. Mchana wa tarehe ishirini na nne mama yake anamweka pangoni kwa mkono wake mwenyewe, na baada ya Epifania anakwenda naye nyumbani. Nasema desturi, lakini ilianzia kwangu. Suzana wangu alikufa kwa surua akiwa na miaka miwili, nami sikujua la kufanya na mikono yangu. Nikampaka kondoo. Mwaka uliofuata mama mwingine akaja kuniomba, na sijawahi kumkatalia mtu.

Mwaka huu ni tisa. Wa mwisho kuandikisha alikuwa Limi, mke wa mfugaji mmoja wa nje ya mji. Mtoto wake Bujiku alikuwa na miaka minne, homa ya mapafu ilimchukua mwezi wa nane. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mayu, awe mweupe," alisema, akiniita mama kwa Kisukuma. "Mweupe kabisa kabisa."

"Atakuwa mweupe, mwanangu. Mimi sina kazi nyingine."

"Wabeja, mayu. Wabeja," alinishukuru.

Nilirudi nyumbani na sikula.

Ijumaa, 8 Novemba

Alois ameleta wanakondoo tisa, wamekunja miguu, wamelala. Amechonga hata pua. Nikamwambia mzee mwenye mikono mizuri hivi angefaa kuoa tena. Akasema atanioa mimi nikijifunza kunyamaza. Ndiyo shemeji niliyepewa.

Matone matatu.

Jumatano, 13 Novemba

Naandika nikiwa na hasira.

Leo tulikuwa na jumuiya, lakini mvua ilitutawanya kabla ya sala za mwisho nikarudi mapema. Nikapitia uani. Scolastika alikuwa amekaa kwenye kiti changu barazani, ameshika brashi ya nyeupe, na mbele yake Bikira wangu, ambaye nilimmaliza jana. Alikuwa anampaka upya shela.

"Unafanya nini?"

Alishtuka hadi brashi ikamwanguka. "Shikamoo, Mama Edson."

"Sikuja kuamkiwa. Unafanya nini?"

"Nilikuwa narekebisha kidogo, Mama."

"Unarekebisha nini? Kazi yangu mimi? Iliyokwisha?"

Alikuwa anaangalia sakafu.

"Scolastika, nakuuliza."

"Imezidi bluu, Mama," alisema kwa sauti ndogo. "Kidogo tu."

Nilicheka kwa uchungu. Nimepaka nyeupe tangu yeye anabebwa mgongoni! Nikamuuliza ameanza lini kuchezea kazi zangu, akajibu, "Siku nyingi." Nikamuuliza ni zipi. Alisema tu, "Nisamehe, Mama," na machozi yakamtoka, na yale machozi yakanipandisha hasira zaidi kwa sababu nilitaka ajitetee.

Nikamwambia atoke na asirudi. Alikunja aproni yake, akaiweka kitini, akachukua mwavuli. Mlangoni alisimama kama mtu anayetaka kusema neno, kisha akaenda.

Baadaye nilipekua. Nyuma ya mtungi nikakuta kikombe chake cha rangi, kimefunikwa na kipande cha nailoni kisikauke. Nikakilinganisha na changu. Rangi yake ilikuwa ya manjano kama samli! Ndiyo aliyokuwa akiipaka juu ya kazi zangu. Nimekimwaga chooni.

Alhamisi, 14 Novemba

Baraza ni kimya. Nimepiga msasa mwenyewe. Kiuno kinauma.

Jumanne, 19 Novemba

Nasikia Scolastika yuko Katoro. Huko kuna fedha za dhahabu, atapata tu cha kufanya. Mimi hainihusu.

Ijumaa, 22 Novemba

Nimegombana na Jilala. Nilimrudishia tyubu nikamwambia nyeupe yake imechacha, haifiki weupe hata kwa matone manne. Akaifungua, akaiangalia, akamwita mkewe naye aiangalie. Wote wawili wakasema ni nyeupe. Nikawaambia wanunue miwani. Jilala akanipa nyingine ili niondoke.

Matone matano.

Alhamisi, 28 Novemba

Padri Deo alikuja kuona. Kumi na nne zimekwisha: Bikira, Yusufu, Mtoto, wafalme, wachungaji, ng'ombe. Aliinama juu ya meza muda mrefu. Nami nilisubiri kusifiwa kama nilivyozoea.

"Ni kazi nzuri sana," alisema mwishowe. "Nyuso hizi, Mama, hata kope zinaonekana. Ila Bikira... naona kama ana baridi."

"Baridi vipi, Padri?"

"Sijui niseme vipi. Labda ni hili wingu."

Alipoondoka nilimtoa Bikira nje, nikamwangalia. Ni mweupe kuliko chochote nilichowahi kupaka. Mapadri wanasoma miaka mingi lakini rangi hawafundishwi.

Jumapili, 1 Desemba

Majilio. Hakuna aliyenisalimia kwa bashasha, au ni mimi. Taa za altare zina duara kubwa la mwanga kuzizunguka, kama mwezi wakati wa ukungu. Nimeliona tangu Pasaka. Sijamwambia mtu.

Alhamisi, 5 Desemba

Limi alikuja leo. Sikumwita. Alitembea tangu kwao, tope hadi magotini, akaamkia, akasema, "Mayu, nimekuja kumwona."

Wanakondoo tisa walikuwa mezani, mkono wa mwisho umekauka asubuhi ile. Nilijivunia. Nikamchagua aliye mzuri kuliko wote, mwenye kichwa kilichoinamia miguu, nikamwekea kiganjani.

Alimwangalia. Akamsogeza karibu na uso. Nikaona kidevu chake kinaanza kucheza.

"Mayu," alisema, "mbona umempaka rangi ya siku ile?"

Sikumwelewa. Nikamuuliza siku ipi.

"Siku ile alipokata roho. Midomo ilikuwa hivi. Na kucha. Hivi hivi." Akanionyesha mwanakondoo, akamgusa puani kwa kidole. "Nilimbeba mpaka zahanati namwangalia midomo inabadilika rangi. Nilikuambia mweupe, mayu. Nilikuambia."

"Lakini ni mweupe, Limi. Tazama."

Hakubishana. Hilo ndilo linaloniumiza hadi sasa ninapoandika. Angenitukana ningejua la kujibu. Alimrudisha mezani taratibu, akamgeuza uso upande wa ukuta, akaondoka mvuani. Nilimfuata hadi barabarani nikimwita Mama Bujiku, Mama Bujiku, naye hakugeuka.

Nilikaa na wale tisa mpaka giza likaingia. Niliwaona weupe. Nilisema kwa sauti, peke yangu, ni weupe, ni weupe. Halafu nikaanza kuogopa, maana nilikumbuka sembe, na mashuka, na Jilala na mkewe, na Padri na baridi yake, na Scolastika. Haiwezekani watu wote hao wamekaa kikao kunidanganya.

Ijumaa, 6 Desemba

Sikufanya kazi.

Jumamosi, 7 Desemba

Nilimwita Alois. Nilimweleza yote, nikamwambia anipime kama mtoto wa darasa la kwanza.

Alikwenda dukani akarudi na bunda la pamba ya hospitali, ile inayofungwa kwenye karatasi. Akalifungua mbele yangu. Akachota sembe jikoni akaimwaga kwenye sahani. Akachana ukurasa wa daftari hili hili. Akaviweka vyote juani na katikati akamweka mwanakondoo wa Limi.

"Haya, shemeji. Kipi si cheupe?"

"Pamba ina umanjano. Sembe ni ya manjano. Karatasi nayo imefifia. Mweupe ni mwanakondoo peke yake."

Nilisubiri anitanie. Alois hajawahi kuacha nafasi ya kunitania ipite, miaka arobaini. Alivua kofia akakaa chini.

"Salvina," alisema, na huwa haniiti kwa jina, "pamba ni nyeupe. Sembe ni nyeupe. Kondoo ni wa bluu."

"Sana?"

"Sana."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema sanamu anazichonga ananiletea, na mara ya pili anaziona kanisani siku ya Noeli, na kila Noeli zilikuwa nyeupe. Hapo nikaelewa yote. Noeli zile mbili zilizopita, sifa zile zote, yule sista aliyesema macho yanapumzika. Zilikuwa za Scolastika. Nilikuwa napaka bluu, naye akinifuata nyuma anaifuta, na mimi nikapokea pongezi huku yeye anaosha brashi.

Na kile kikombe chake nilikimwaga chooni.

Niandike na hili. Nimeogopa upofu, lakini nimeogopa zaidi maneno. Huku kwetu mwanamke mzee akisemwa macho yake yana kitu, hasemwi kwa nia ya kumtafutia daktari. Nimewajua waliosemwa hivyo wakaitwa wachawi, wakauawa. Nafikiri ndiyo maana nililaumu sembe.

Jumanne, 10 Desemba

Hospitali ya wilaya. Daktari ni binti mdogo, aliniamkia vizuri, akaniwekea dawa machoni na taa. Mtoto wa jicho, yote mawili.

"Ni kama unatazama kupitia glasi ya chai, Mama," alisema. "Kila cheupe unakiona cha manjano. Imekuja polepole, ndiyo maana hukujua."

Nikamwambia haiwezekani, mimi napaka kope za malaika kwa brashi ya nywele tatu. Akasema ndivyo ulivyo ugonjwa huu wangu, cha karibu nakiona vizuri hata kuliko zamani, lakini rangi inanidanganya. Unatibika kwa upasuaji mdogo. Madaktari wa macho watakuja mwezi wa pili, na ameandika jina langu.

Mwezi wa pili! Noeli ni baada ya wiki mbili.

Alhamisi, 12 Desemba

Nimekwenda Katoro.

Niliuliza sokoni, nikaelekezwa kwenye kibanda cha saluni. Scolastika alikuwa amekaa kwenye kigoda nje, amepakata mkono wa mwanamke mnene mwenye bangili za dhahabu, anampaka kucha. Kwenye kila ukucha mwekundu alikuwa anachora ua jeupe la petali tano, dogo kuliko kichwa cha kiberiti.

"Shikamoo, Mama Edson," alisema bila kuacha kazi.

"Marahaba."

Hakuniambia nikae. Nikasimama juani mpaka akamaliza vidole vyote kumi, na nilistahili vidole ishirini. Yule mwanamke alipokwenda akipunga mikono ikauke, Scolastika akanisogezea kigoda.

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, yote yakapotea. Nikamwambia, "Ni mtoto wa jicho. Nimetoka kwa daktari juzi. Nilikufukuza kwa kosa langu mimi. Nisamehe."

Aliangalia chupa zake za rangi. "Nilikusamehe nikiwa bado nipo mlangoni," alisema. "Lakini uliniuma, Mama."

"Kwa nini hukunieleza? Miaka miwili, Scola! Ungesema tu, Mama, macho yako."

"Ndilo neno nisiloweza kusema." Alishusha sauti, kwa kuwa watu walikuwa wanapita. "Bibi yangu kule Kishapu alikuwa na macho mekundu kwa moshi wa kupikia. Siku moja kisimani mtu akasema, 'Yule bibi, macho yake.' Basi, hayo tu. Hata hakusema kwa ubaya. Miezi mitatu baadaye tulimzika, na hakufa kwa ugonjwa. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja, na neno lile nililibeba kutoka kisimani mimi, nikalifikisha nyumbani kama hadithi."

Nilimshika mkono, una rangi nyekundu hadi kwenye kifundo.

"Nikaona heri nipake," alisema. "Ukishapaka hakuna anayeuliza."

Nilimwona mpole miaka yote hii, na nikauita upole wake udhaifu. Alikuwa ananilinda roho yangu, na mimi nahesabu brashi.

Nikamweleza habari za Limi na midomo ya Bujiku. Aliziba mdomo kwa kiganja. Nikamwomba arudi.

"Nitarudi kwa ajili ya hao watoto tisa," alisema. "Lakini safari hii sitapaka kwa kujificha. Nikisema bado, ni bado. Na bluu nitaishika mimi."

"Ishike."

Jumamosi, 14 Desemba

Amerudi jana na mtoto wake, anayeitwa Sikujua. Tumewaosha wanakondoo wote tisa na kuwapiga msasa hadi kwenye mti. Tunaanza upya na majivu.

Jumanne, 17 Desemba

Tunafanya hivi: yeye anachanganya, mimi napaka, kwa sababu mkono wangu bado ni mwepesi kuliko wake kwenye pua na kope. Nikimaliza mgongo nauliza, "Tayari?" Anasema, "Bado." Nasubiri ukauke, napaka tena. Ni kazi ngumu kuliko zote nilizofanya. Kila ninapochovya brashi naona nachovya kwenye siagi, na kila ninapopaka roho inaniambia naharibu. Leo mara mbili mkono ulikwenda wenyewe kwenye chupa ya bluu. Scolastika aliihamisha.

Ijumaa, 20 Desemba

Mvua, mvua, mvua. Tumewaanika juu ya jiko la mkaa lililoanza kupoa. Bikira amepata shela mpya. Padri amepita akasema sasa amepata joto. Nilikaa kimya, nami kunyamaza si kawaida yangu.

Jumatatu, 23 Desemba

Nimemtuma Alois kwa Limi kumwambia mwanakondoo wake amepakwa upya. Alirudi akasema alisikilizwa, akapewa maziwa, lakini hakupewa jibu.

Jumanne, 24 Desemba

Saa nane mchana akina mama walikuwa kanisani, mvua imekatika. Pango lilikuwa chini ya altare, limejengwa kwa mawe na nyasi. Nilikuwa na sinia yenye wanakondoo tisa. Kwa macho yangu ilikuwa sinia ya wanakondoo wa manjano.

Kabla ya kuwagawa nilimwomba Padri ruhusa ya kusema. Scolastika alijua, alinivuta kanga akanong'ona, "Si lazima, Mama." Nikamwambia ni lazima. Nilisimama mbele yao.

"Macho yangu yana mtoto wa jicho," nilisema. "Nyeupe siioni. Nimekuwa nakosea, na wanakondoo mliowasifu Noeli mbili zilizopita aliwasahihisha Scolastika huyu hapa, kimyakimya, na nilipomkuta nikamfukuza. Hata hawa, weupe wao ni wake. Mkiona mazuri mshukuruni yeye. Na mwenye la kusema kuhusu macho yangu alisemee hapa hapa nikisikia, siyo kisimani."

Nilisikia matone yakidondoka kutoka kwenye bati. Kisha Zipora wa mashineni, niliyemtukania sembe, akasema kwa sauti kutoka nyuma, "Mama yangu alipasuliwa mwaka jana, sasa anatunga uzi kwenye sindano. Utapona, Mama Edson." Na wengine wakaitikia, utapona, utapona.

Nikaanza kuwaita. Mmoja mmoja walikuja, wakapokea, wakaenda kupiga magoti. Nane walikwenda. Sinia ilibaki na mmoja.

Limi alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alifika saa ngapi. Alikuja katikati ya kanisa akiwa peku, viatu mkononi, akasimama mbele yangu asiinyooshe mikono.

Nilimwangalia mwanakondoo. Ningekuwa peke yangu ningesema amechafuka, siwezi kumpa mtu. Nilimtazama Scolastika, akatikisa kichwa, ndiyo. Nikamchukua nikamkabidhi Limi kitu nilichokiona kibaya, kwa kuwa nilimwamini aliyekiona kizuri.

Limi alimgeuza kwenye mwanga wa dirisha. Akamtazama mgongo, akamtazama kucha. Akamtazama midomo muda mrefu. Halafu akamweka sikioni, na akafumba macho.

"Huyu anapumua, mayu," alisema.

Akaenda kumlaza karibu kabisa na Mtoto.